Kichaka cha Mkulima na Wanyama Wake

(Hotuba hii ilisemwa mbele ya wazee, walimu na wakulima waliokutanika upande wa Itigi, Mkoa wa Singida, kabla ya kijiji chao kukata shauri juu ya matumizi ya ardhi yake. Msemaji ni mkulima. Tumeichapa kwa kuwa mambo yaliyomo yaweza kuwafaa watu wa vijiji vingine pia.)



Mimi si mtu wa elimu kubwa, wala sikuja kuwafundisha wakubwa wangu. Ni mkulima mwenye ekari 14, na katika hizo ekari 5 ni kichaka ambacho baba yangu hakukikata, wala mimi sikukikata. Habari za kichaka hicho ndizo nitakazosema leo.

Neno langu ni moja, nami nitalitaja tangu mwanzo, ili asiyeweza kungoja mpaka mwisho apate kwenda nalo nyumbani. Mnyama hafuati bunduki wala mtego. Hufuata chakula, maficho na amani. Basi mtu atakaye kuwinda kesho hana budi kwanza kuwa mtunza kichaka leo, na asiyetunza kichaka atabaki kuwasimulia wajukuu wake habari za wanyama ambao wao hawatawaona kamwe.

Wazee mliopo hapa mtanishuhudia. Tulipokuwa watoto, mtu aliyekwenda kisimani alfajiri hakukosa kuwaona digidigi wawili wamesimama njiani, masikio juu, kisha wakatoweka kichakani kwa ule mlio wao mwembamba uliowapa jina lao. Kanga walikuja mashambani kwa makundi baada ya mavuno. Nsya, yule paa wa kijivu aendaye peke yake, alitoka jioni kula majani ya kunde pembezoni mwa shamba. Leo mtoto akimwona digidigi mmoja huja mbio kutuambia, kana kwamba ameona ajabu.

Wamekwenda wapi? Wengi husema wameliwa. Ni kweli, wengine wameliwa, nami ni katika waliowala. Lakini naamini ya kuwa wengi zaidi walikosa mahali pa kukaa. Kwanza tulikata kichaka kwa kuni, halafu kwa makaa, na sasa twakikata kwa ajili ya alizeti, zao ambalo mkoa wetu umesifika nalo, na kwa mikorosho. Silaumu alizeti. Watoto wangu wamesoma kwa alizeti. Nasema tu ya kuwa kila kichaka kilichokwisha, wenyeji wake walikwisha pamoja nacho, hata kama hakuna mtu aliyewatupia jiwe.

Nami nitakiri kosa langu, maana si haki kuwaonya wengine na kujificha mwenyewe. Katika ujana wangu nilitega tanzi za waya katika kichaka hicho hicho. Asubuhi moja nilimkuta digidigi jike amenaswa, amekwisha kufa, na chuchu zake zina maziwa. Mtoto wake sikumwona, wala sikuwa na shaka ya mwisho wake. Dume lilikuwa limesimama mbali kidogo, nalo nililiona tena mahali pale pale kesho yake, na kesho kutwa. Nyama niliyoipata haikutosha watu wa nyumba yangu kwa siku mbili. Niliua wawili ili nile mmoja, na kichaka kikabaki na mjane. Tangu siku ile sikutega tena, lakini ilinichukua miaka mingi kufahamu ya kuwa kuacha kuua si sawasawa na kutunza.

Sasa natumai mtaniwia radhi nikieleza kidogo tabia za wanyama hawa, kwa sababu mtu hawezi kumtunza asiyemjua.

Tandala, pofu na tembo hawana nafasi katika shamba la mtu mmoja. Hao wana nchi yao katika mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, kusini kwetu, na wakija kwetu huja kwa hasara yetu. Lakini wanyama wadogo ni wanyama wa mkulima mdogo. Digidigi ana uzito wa kilo 3 mpaka 6 hivi. Dume na jike hukaa pamoja maisha yao, nao hushika eneo lao na kuliwekea alama kwa vilima vya samadi na kwa utomvu mweusi utokao karibu na macho yao, ambao huupaka kwenye ncha za vijiti. Palipo na maficho mema eneo hilo huwa ekari chache tu. Palipo peupe na pakavu huhitaji kubwa zaidi. Jike hubeba mimba karibu miezi 6, huzaa mtoto mmoja, na mwaka ukiwa mwema aweza kuzaa mara mbili. Hana haja ya kwenda mtoni kila siku, maana maji yake huyapata katika majani, machipukizi na matunda. Nsya ni mkubwa zaidi, naye hupenda kuwa peke yake. Yeye pia hula majani, matunda na machipukizi kuliko nyasi, na aweza kukaa siku nyingi bila kunywa.

Basi tazameni, jamaa zangu: mnyama asiyehitaji mto, asiyehitaji mbuga kubwa, azaaye kila mwaka, na atosheka na ekari chache za kichaka. Kama tumemkosa huyu, kosa si la mvua.

Kichaka chetu nacho si kichaka cha kudharauliwa. Wataalamu wa mimea hukiita Kichaka cha Itigi, kwa jina la mji wetu, na husema ya kuwa mfano wake haupatikani mahali pengi duniani. Kipo kinachofanana nacho kule Zambia, karibu na Ziwa Mweru Wantipa. Miti yake ni mifupi, ya mita 3 mpaka 5, imesongamana hata mtu hupita kwa shida, nayo huota katika udongo wa mchanga wenye tabaka gumu chini yake. Mmoja wa waliokichunguza zamani alikuwa B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea katika idara ya utafiti wa mbung'o. Yeye na mkuu wake, C. F. M. Swynnerton, walikufa pamoja katika ajali ya ndege mwaka 1938, na maandiko yake juu ya mimea ya nchi hii yalichapwa mwaka 1942, baada ya kufa kwake.

Nimemtaja Swynnerton kwa makusudi. Yeye ndiye aliyeongoza idara ya wanyama ya Tanganyika ilipoanza, baada ya vita vya 1914 mpaka 1918. Wazee wetu walizoea kumwita mwenye kazi hiyo Bwana Nyama. Halafu akawa mkuu wa utafiti wa mbung'o huko Shinyanga, hata aina moja ya mbung'o imeitwa kwa jina lake. Katika kazi ile ilionekana ya kuwa mbung'o hawezi kumalizwa kwa kupigwa mmoja mmoja. Lakini ukikata kichaka alichokitegemea kwa kivuli na mapumziko, hutoweka mwenyewe. Kwa hiyo mapori mengi yalifyekwa kwa amri ya Serikali ya wakati ule, na watu wakashukuru, maana ng'ombe walipona na ugonjwa wa malale ukapungua. Jambo lililomfukuza mbung'o ndilo lililomfukuza digidigi pia. Ukimnyima kiumbe maficho yake, huna haja ya kumpiga. Sasa sisi yatupasa tuigeuze elimu ile ile: ukimrudishia kiumbe maficho yake, huna haja ya kumwita.

Na huenda mzee mmoja akauliza, "Je, ukirudisha kichaka hutaturudishia mbung'o?" Swali hilo ni la haki. Nami najibu ya kuwa kichaka kisiachwe kuzunguka zizi wala kisima cha mifugo, na kabla ya kijiji kutenga kichaka yafaa afisa mifugo aulizwe kama mbung'o wapo upande ule. Ngiri hasa hupendwa na mbung'o kwa damu yake. Palipo na ngiri wengi, mwenye ng'ombe awe macho.

Sasa nitasema niliyoyafanya katika ekari zangu 5. Ni mambo 6, wala hapana hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni maficho. Zamani mpaka wa kichaka changu na shamba ulikuwa kama ukuta: huku miti, huku udongo mtupu. Nikaacha ukanda wa hatua 10 usiolimwa, ukaota majani marefu na miti midogo. Wanyama wengi hupenda mahali pa kukutana kwa vitu viwili, maficho upande mmoja na chakula upande wa pili. Katika ukanda ule ndipo kanga walipotaga kwanza.

La pili ni chakula. Kichaka kilichozeeka majani yake yako juu, na digidigi hafiki. Kwa hiyo kila mwaka hukata kipande kidogo, hatua 20 kwa 20, na mwaka wa pili hukata kipande kingine mahali pengine. Visiki huchipua, na machipukizi yake yako chini, laini, ndiyo wapendayo. Nami hupata kuni na fito. Kipande kilichokatwa hukizungushia miiba mpaka machipukizi yamepata nguvu, kusudi mbuzi wasiyamalize. Mikole siikati, kwa ajili ya matunda yake, wala mgunga, kwa ajili ya maganda yake, wala mkwaju, na mbuyu wangu mmoja ni hoteli, maana maua yake yakianguka, digidigi huja kuyaokota usiku.

La tatu ni moto. Hakuna adui wa kichaka aliye mkubwa kuliko moto wa Septemba na Oktoba, majani yakiwa yamekauka kabisa. Moto huo huingia kichakani, huua machipukizi, na mahali pake huota nyasi, na nyasi huita moto mwingine mwaka ujao. Kichaka cha aina yetu kikisha kuungua namna hiyo mara kadhaa, hurudi polepole mno. Kwa hiyo mwezi wa Mei mimi hulima njia ya moto, upana wa hatua 6, kuzunguka kichaka changu. Na anayetaka kuchoma majani ya shamba lake na achome mapema, majani yakiwa bado na ubichi, asubuhi pasipo upepo, na majirani wawe wamepewa habari.

La nne ni maji. Digidigi hana haja nayo sana, lakini kanga, kwale na njiwa wanayo. Nilichimba kidimbwi kifupi mahali maji ya mvua yapitapo, nikakisakafu kwa udongo wa kichuguu, nikaweka mawe upande mmoja ili vifaranga wakiingia wapate kutoka. Hukauka mwezi wa Julai au Agosti, lakini mpaka hapo kimefanya kazi yake.

La tano ni amani. Mbwa wangu wamefungwa usiku. Mbwa azururaye huua watoto wa paa zaidi kuliko mwindaji yeyote, naye haulizi kama ni jike au dume. Mbuzi wangu hawaingii kichakani tangu mvua za kwanza mpaka mwezi wa Agosti, kwa sababu mbuzi na digidigi hula majani yale yale, na mbuzi ana mchungaji wa kumtetea.

La sita ni kuhesabu, na hili ndilo tulilosahau kuliko yote. Mwenye ng'ombe hujua idadi ya ng'ombe wake kabla hajachinja. Kwa nini mwindaji asijue? Kila mwezi mimi huzunguka kichaka na kutazama vilima vya samadi, kama ni vibichi au vikavu. Na jioni hukaa juu ya kichuguu, kimya, nikatazama. Mambo haya huandikwa na mjukuu wangu katika daftari ya shule. Mwaka wa kwanza tuliandika digidigi jozi moja, wala hatukuwa na hakika kama wana makazi kwangu au ni wapita njia. Mwaka wa nne tuliandika jozi mbili, na mtoto mmoja, nsya mmoja, na kanga 23 kwa mara moja. Hiyo si hesabu ya kujivunia mbele ya mtu wa Rungwa. Lakini ni hesabu ya ekari 5, tena ni wanyama walio hai.

Sasa nije kwa jambo ambalo vijana wananiuliza: "Mzee, tutawala lini?"

Hapa nataka tuelewane vizuri. Mnyama akaaye katika kichaka changu si mali yangu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 yasema ya kuwa wanyamapori wote ni mali ya umma, naye Rais ni mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Ardhi ni yangu kuitumia, kichaka ni changu kukitunza, lakini kumwinda aliyemo ni kwa leseni tu. Atakaye kuwinda na aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, aulize ni wanyama gani waruhusiwao, wapi, na miezi ipi, naye ashike yaliyoandikwa katika leseni yake. Tanzi za waya, mashimo, sumu, na moto wa kuwazungushia wanyama ni haramu kwa sheria, na kwa akili pia ni haramu, maana vyombo hivyo havichagui. Kadhalika nyama ya porini haiuzwi kwa siri nyuma ya nyumba. Tangu kanuni za mwaka 2020 zipo bucha zilizoruhusiwa kuuza nyamapori, na zina masharti yake. Na mtu atakaye kufuga wanyama hao, hata kanga wa porini, yampasa kuomba leseni ya ufugaji. Walimu wetu wanaojua kusoma sheria watakuwa wametutendea wema wakitusomea maneno haya pole pole.

Na hata leseni ikipatikana, mimi nina sheria yangu ya nyumbani. Ukiwa na jozi mbili, usiue hata mmoja. Usiue jike. Usiue mnyama mpaka daftari limeonyesha kwa miaka mitatu mfululizo ya kuwa wanaongezeka. Mvua ikikosekana, mwaka huo usihesabiwe. Mavuno ya porini ni kama akiba ya mbegu: mwenye njaa huitamani, lakini akiila yote hana la kupanda.

Sitawaficha hasara. Safu mbili za mwisho za kunde zangu huliwa kila mwaka. Mimi huzihesabu kuwa ushuru. Kanga huchimbua mbegu za alizeti zilizopandwa juu juu. Dawa yake ni kufukia vizuri na kuweka watoto wa kulinda siku kumi za kwanza. Na palipo na maficho ya digidigi huenda fisi naye akapata maficho, kwa hiyo zizi la mbuzi liwe imara. Faida nazo nimezipata: kuni karibu na nyumba, fito, dawa za miti shamba, na asali, ambayo wilaya yetu inasifiwa nayo nchi nzima. Mizinga yangu mitano imo ndani ya kichaka kile. Kama nisingepata digidigi hata mmoja, asali peke yake ingenilipa.

Jambo hili si ndoto ya mtu mmoja. Majirani zetu wa Shinyanga wana desturi ya kale iitwayo ngitili: mtu au ukoo hufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, na kuifungua kiangazi nyasi zikiwa haba. Baada ya mapori yao kufyekwa kwa ajili ya mbung'o, pamba na mifugo, nchi ile ilikuwa karibu kuwa jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi iliyoitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na badala ya kuwaletea watu desturi ya kigeni, iliwahimiza kuirudia ngitili yao. Wakati ule ngitili zilizojulikana hazikupita hekta 600 hivi. Baada ya miaka isiyofika 20 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika mamia ya vijiji, nyingi zikiwa ni vipande vidogo vya watu binafsi. Miti ilirudi, ndege walirudi, na wanyama wadogo walirudi. Na ni kweli pia kwamba waharibifu wa mazao walirudi pamoja nao, na watu wa kule hawakulificha hilo. Lakini walipopima faida na hasara, hawakurudi kufyeka.

Hata nchi za mbali zimepita njia hii. Huko Marekani yupo kulungu ambaye kwetu hayupo. Mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwa karibu kwisha katika majimbo mengi, kwa sababu ya kuwindwa ili auzwe sokoni na kwa kukatwa misitu. Leo wapo mamilioni mengi. Walioleta mabadiliko hayo ni sheria ya uwindaji na kurudi kwa misitu, pamoja na wenye mashamba, wakubwa kwa wadogo, waliojifunza kuacha vichaka, kukata miti kwa vipande ili ichipue, na kuhesabu kabla ya kupiga. Mnyama ni mwingine na nchi ni nyingine, lakini haja zake ni zile zile tatu nilizotaja: chakula, maficho na amani.

Jamaa zangu, sasa nafika penye uchungu.

Ekari 5 hazitoshi. Nimewaambia kuwa digidigi hutosheka na kidogo, lakini watoto wake wakikua hufukuzwa na wazazi wao, nao hutafuta eneo jipya. Wataenda wapi? Kati ya kichaka changu na kichaka cha jirani yangu wa mashariki kuna korongo lenye miti, na kutoka hapo korongo hilo huendelea mpaka kwenye pori la kijiji. Njia hiyo ndiyo mlango wetu. Ikifyekwa, kichaka changu kitakuwa kisiwa katikati ya alizeti, na wanyama waliomo watakuwa kama samaki katika kidimbwi changu: wapo mpaka mwezi wa Agosti.

Nanyi mnajua ya kuwa katika mpango wa matumizi ya ardhi utakaoletwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, korongo hilo limependekezwa ligawanywe kwa vijana wasio na mashamba. Mmoja wa vijana hao ni mwanangu mwenyewe. Mwaka jana mvua zilikatika mapema, alizeti yetu haikujaza vichwa, na mnunuzi wa makaa alikuja nyumbani kwangu na fedha mkononi. Mwanangu aliniambia, "Baba, digidigi hawalipi ada ya shule." Sikumkemea. Mtu mwenye watoto wanne hasemi upuuzi akisema hivyo. Tulikaa tukazungumza mpaka usiku, na tukapatana hivi: nilimpa ekari 2 za shamba langu lililokwisha kulimwa, nami nikabaki na kichaka. Nimepungukiwa na magunia yangu, naye hakupata yote aliyoyataka. Lakini makaa hayakuchomwa.

Nami sijui kama atakitunza kichaka kile siku nitakapokuwa sipo. Ndiyo sababu nasema mbele ya watu wengi, na mbele yake pia, maana ameketi pale nyuma.

Ombi langu kwa kijiji ni dogo. Sisemi korongo lote liachwe. Nasema kila upande wa korongo uachwe ukanda wa hatua 50 usiokatwa wala kuchomwa, tangu mashamba yetu mpaka pori la kijiji. Uandikwe katika mpango, na uwekewe alama kwa minyaa, kusudi asiwepo wa kusema hakujua. Nje ya ukanda huo vijana wagawiwe mashamba. Mizinga ya nyuki iruhusiwe ndani yake, nao vijana wale wale wawe wa kwanza kupewa nafasi ya kuitundika. Wakulima watano tunaopakana na korongo tumekubaliana tayari kufunga mbwa usiku, kulima njia ya moto pamoja mwezi wa Mei, na kuhesabu kwa daftari moja litakalokaa shuleni. Mabwana walimu, tunawaomba mlipokee daftari hilo. Watoto watajifunza hesabu kwa vitu vilivyo hai.

Kama kijiji kitakubali, basi baada ya miaka michache tutaweza kwenda kwa afisa wanyamapori, si kama watu wanaoomba huruma, bali kama watu wenye hesabu mkononi, tukauliza twaweza kuvuna nini kwa halali. Vijiji vingine, kama vya Ipole huko Sikonge na Burunge huko Babati, vimeunganisha ardhi zao na kuwa jumuiya za hifadhi kwa kanuni zilizotungwa mwaka 2002, nao hupata mapato kwa wanyama wao. Sisi hatujafika huko, wala sidhani ya kuwa korongo moja laweza kutufikisha. Lakini hakuna aliyefika mbali pasipo kuanza mlangoni kwake.

Haba na haba hujaza kibaba. Ekari zangu 5, na 3 za jirani, na hatua 50 za korongo, ni haba. Nawaombeni msizimwage.

Nimekwisha, mabwana. Nikiwa nimekosea katika neno lolote, wazee mnisamehe, na anayejua zaidi na asimame atusaidie.